Mkono Ndani ya Pipa

Umeme ulikatika Kabasa nzima maji yakianza tu kupata moto, kikapu cha kimea kikiwa ndani ya pipa la umeme alilojiundia Dorah. Alisahau kuzima swichi.

Jana pipa hilo lilimpiga shoti, akanyamaza, maana mama mkwe alishasema pombe haipikwi kwa nyaya.

Sasa mama mkwe huyo huyo alikuwa amezamisha mkono hadi kwenye kiwiko, kama alivyozoea kwenye chungu. Bangili yake ya shaba iligonga koili ya kuchemshia maji.

"Toa mkono, mama."

"Ngoja kwanza. Joto tunalipimaga hivi."

Dorah aliikimbilia swichi ukutani. Kabla hajaifikia, redio ya saluni ya jirani ikaanza kuimba tena.