Viti vya Kuazima

Bwana Machano aliitisha mkutano wa mtaa kupinga nyumba ya wazee kuongezewa vyumba kumi. Sababu alikuwa nazo: vikohozi vya alfajiri, redio za kufunguliwa kwa sauti ya juu, na Bibi Somoe, ambaye hakuna aliyepita mbele ya ile nyumba asikosolewe naye mavazi. Kilichokosekana ni viti tu, na mtaa mzima viti vya kutosha vilikuwa kwa wazee. Akaomba kuviazima, kama afanyavyo kila akiwa na shughuli.

Saa kumi jioni viti vikaja, kila kimoja na mzee wake. Wakavipanga safu, wakakaa. Wenye mkutano wakabaki wamesimama juani.

"Shikamoo, Bibi Somoe. Mimi niliomba viti tu."

"Marahaba. Si ndivyo hivi? Mara ya mwisho kimoja kilirudi hakina mguu, ndiyo maana tumekuja navyo. Haya, sema mwanangu, tunakusikiliza."

Machano akafunua karatasi yake. Alipofika kwenye neno "kelele", wazee ishirini walikuwa wamemkodolea macho, kimya, hata wa kukohoa hakuna. Akaikunja. Ndipo akaona kiti kimoja cha ziada mbele, hakina mtu.

"Hiki cha nani?"

"Cha atakayepata chumba kipya," alisema Bibi Somoe. "Bado hatumjui."

Machano, mwenye miaka sitini na minne, akabadili mguu wa kusimamia kwa mara ya tatu. Bibi Somoe akakifuta kile kiti vumbi kwa ncha ya kanga, taratibu, huku akimtazama magoti.