Mrithi wa Bi Raheli

Bi Raheli alishona mapazia miaka ishirini na sita bila kuajiriwa na mtu, na macho yalipoanza kumsumbua ndipo alipokwenda kujiandikisha kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii. Karani alimweleza taratibu kwamba aliyeajiriwa huchangiwa sehemu na mwajiri wake, bali aliyejiajiri hubeba mchango wote mwenyewe, kila mwezi, kwa kiwango anachokimudu.

"Na ukifariki, mama, mafao yako yaende kwa nani?"

"Kwa mwanangu, Enoki."

"Yuko hai?"

Bi Raheli alitazama mikono yake. Enoki aliondoka asubuhi moja kwenda kununua uzi, na huu ulikuwa mwaka wa nne. Ndugu walikwisha kumwomba mara mbili wakae matanga, naye akakataa. Sasa karani huyu kijana, asiyemjua, alikuwa ameinua kalamu, akingoja neno moja tu.

"Yuko hai," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamtia baridi.

"Basi nipe namba yake, tuihakiki."

Aliitaja bila kuangalia popote. Kila Jumapili aliipiga, na kila Jumapili aliambiwa haipatikani. Alitaka kumwambia karani asijisumbue, lakini kijana alikwisha kuishika simu.

Karani alibonyeza namba, akaiweka simu mezani, sauti ikiwa wazi.

"Inaita, mama."

Bi Raheli alishika ukingo wa meza. Mlio wa tatu ulikatika katikati, simu ikapokewa, na pale mezani ikasikika pumzi ya mtu.