Kikombe cha Marehemu

Je, umewahi kuona kikombe cha bia kikifungiwa kufuli kama mbuzi mdokozi? Kwenye bustani ya kiwanda chetu cha bia, kila mzee wa ile meza ya pembeni, iliyotengwa kwa wanywaji wa siku zote, ana chake, ndani ya kabati la wavu wa chuma. Cha marehemu mume wangu ni cha udongo wa kijivu, kimemeguka kidogo ukingoni, na ufunguo ninao mimi.

Jumapili ile nilikuwa uwanja wa watoto, pembeni ya bustani, nikimbembeza mjukuu wangu Vroni, mwaka na nusu, mchanga umemjaa hadi masikioni. Mwanangu, babake Vroni, akaja na mkono wazi.

"Mama, lete ufunguo. Wazee wamekubali nirithi kiti cha baba."

"Mimi mbona sikuulizwa?"

"Uulizwe nini, Mama? Meza ile haijawahi kukaliwa na mwanamke."

Kweli. Miaka arobaini nimewakatia wazee wale figili za kushushia bia, nikazitia chumvi, nikiwa nimesimama.

Nikamtoa Vroni kwenye bembea, nikampakatisha babake. Nikaenda polepole hadi kabatini. Kufuli likalia ko!

"Shemeji, umetuletea figili?" mzee mmoja akatania.

Nikaketi kwenye kiti cha mume wangu, kikombe nikakiweka mbele yangu. Mhudumu akamtazama mwanangu.

"Usimtazame huyo," nikamwambia. "Miaka yote hii nilitaka kukaa hapa na kunywa. Nijazie mpaka juu."