Ruta ya Tetere Mjane

Palikuwa, na Mungu ndiye mjuzi, Tetere mjane aliyetunza ruta ya marehemu mumewe, nayo ikiwapa wanyama mtandao. Ngedere, fundi wa haraka, aliitia programu mpya, kisha akairudishia mipangilio yote ya zamani. Taa za ruta zikazimika.

“Mama, imekufa,” akasema Ngedere.

“Haijafa,” akasema Kinyonga taratibu. “Programu hii haisomi mipangilio ya ile. Tuifute, tuandike upya kwa lugha yake.”

“Akiandika huyu, tutazeeka!” Ngedere akacheka.

Tetere akalia. “Mipangilio ya mume wangu ifutwe?”

“Kwani, mama, yeye alitaka nini?” akauliza Kinyonga.

“Isiwekwe nenosiri. Alisema mpita njia naye ana kwao.”

Kinyonga akaandika hivyo. Taa zikawaka mojamoja, kama vimulimuli. Nje ya ua, Digidigi mgeni akasikika akipiga simu kwao: “Shikamoo, mama.”