Swichi ya Baba

Umeme ulirudi Kicukiro Novemba 1994, nikiwa nafuta vumbi kwenye msumeno wa meza wa marehemu baba. Taa ya karakana iliwaka ghafla, na vidole vyangu vilikuwa kwenye meno ya msumeno.

Haukuzunguka.

Ubao wa mkaratusi ulikuwa bado hapo, umepasuliwa nusu, kama alivyouacha Aprili umeme ulipokatika.

“Gaju, umeme ukikatika, zima swichi kwanza!” alikuwa akinifokea, penseli sikioni, nami nikimcheka.

Niliinama chini ya meza. Swichi ilikuwa imezimwa.

Nikakumbuka swali la jirani yetu: “Wakati wauaji wanavunja geti, mzee wako alikuwa ameshatoka kwa nyuma. Halafu akarudi karakana. Alikuwa amesahau nini?”