Dereva wa Treni ya Mizigo

Mitiki ilikuwa ikipukutisha majani Tausi alipokwenda na kamera kwenye kona ya reli, pale treni ya mizigo ilipomgonga mumewe. Alitaka picha ya dereva wa siku ile, apate sura ya kuichukia.

Treni ikaja ikitimua majani makavu. Tausi akapiga picha, kisha akaikuza. Dereva alikuwa amefumba macho.

“Hufumba kila akifika hapa,” alisema Mzee Kibwana, mlinzi wa reli, aliyekuwa amesimama kando yake. “Anasema bado anamwona mumeo amesimama njiani, binti yangu.”

Tausi hakuwahi kumwona tena mumewe, hata ndotoni.

“Anamwona wapi hasa?” aliuliza.

Mzee akamwonyesha. Tausi akashuka relini, akapangusa majani kwa kiganja, akagusa chuma. Kilikuwa bado kinatetemeka.