Samadi kutoka Mtunda

Ashura alikipakata kikapu nyuma ya baiskeli ya kukodi, pua ameiziba kwa upindo wa khanga. Ndani ya kikapu mlikuwa na mavi ya ng'ombe. Nauli ya kuyafuata Mtunda, kwenda na kurudi, ilishinda bei ya mche mzima wa sabuni.

Hilo ndilo lililomtia hofu. Miaka tisa alimfanyia kazi Labhuben, mjane wa Popat mwenye duka pale Kibiti, na hakupata kumwona akitoa hata senti kwa ajili ya sakafu.

Enzi za sabuni kuadimika, Labhuben ndiye aliyemfundisha kusugua kwa majivu ya makumbi, kutoa madoa kwa ndimu, na kuing'arisha sementi nyekundu kwa vipande vya mishumaa vilivyoyeyushwa kwenye mafuta ya taa. Dekio lilikuwa sari kuukuu iliyokunjwa mara nne. Ilifuliwa, ikaanikwa, ikarudi kazini, mpaka ikabaki nyuzi. Kisha biashara ikafunguliwa, sabuni za kila rangi zikajaa madukani, zikajaa hata kwenye rafu za Labhuben mwenyewe. Majivu hayakuondoka.

Zamda, dada wa mume wa Ashura, hakuliacha lipite.

"Wifi, unaosha duka la sabuni kwa majivu. Ni sawasawa na kukaa Mohoro, penye mpunga kila upande, ukala mchele wa kununua."

Ashura alicheka naye. Kicheko hakikuwa na gharama. Tangu Muhidini, mumewe, apunguzwe kazi kwenye kiwanda cha pamba, chumvi, unga na uji wa mtoto vyote vilitoka kwenye sakafu ile.

Mambo yaligeuka mwezi mmoja nyuma, ilipofika barua ya Vipul, mtoto wa pekee wa Labhuben, anayefanya biashara Dar. Ashura hakujua imeandikwa nini. Aliona tu mama wa watu akiisoma mara mbili, kisha akaiweka chini ya mizani na kwenda kupima sukari ya mteja.

Tangu siku hiyo ubahili ukazidi kipimo. Labhuben akaacha chai ya maziwa. Asubuhi akawa anakunywa maji matupu, ameyatumbukizia jani moja la mrihani alioupanda kwenye kopo. Chakula cha mchana akawa anampa Ashura chote akile na mwanawe nyumbani, akisema kupika kidogo ni kupoteza mkaa. Kisha viti vya chumba cha mbele vikaanza kwenda stoo, kimoja leo, kingine kesho.

Abdulswamadu, fundi cherehani wa barazani, alimnong'oneza kuwa Vipul anakuja Jumamosi.

"Nyumba ikitolewa viti, inangoja mnunuzi," alisema, macho kwenye sindano. "Mama akihama, nawe umehama, mwanangu. Anza kutafuta."

Ndiyo maana alipoagizwa samadi, Ashura alidhani ameelewa. Sakafu ya chumba cha mbele ilikuwa na nyufa upande wa dirishani. Samadi ikikandwa na udongo huziba ufa na kukauka, na mtu mgeni hajui. Labhuben anataka kumficha mnunuzi nyufa bila kumwita fundi sementi. Na yeye Ashura, kwa mikono yake miwili, anakwenda kuifungia kazi yake mlango.

Hata hivyo alifika, akatua kikapu, akakunja mikono ya gauni.

Labhuben aliketi kizingitini akimwelekeza. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi Ashura asimame kila mara ili aisikie. Alimwambia aanze kwa kuosha chumba kizima, safari hii kwa maji matupu. Aisiribe samadi kwa kiganja, dekio asiliguse. Halafu akamwonyesha mahali, katikati ya chumba.

"Hapa tu. Urefu wa mkeka mmoja."

"Mama Vipul, nyufa ziko kule dirishani."

"Nyufa ziache."

Ashura alisiriba. Alisawazisha kwa kiganja kama alivyomwona mama yake akisiriba nyumba ya udongo, akirudi nyuma kwa magoti. Alipomaliza alinawa, akasimama mlangoni, na swali alilolimeza wiki nzima likamtoka kwa njia ya pembeni.

"Kesho nije saa ngapi?"

"Kesho hakuna kazi, Ashura. Wala keshokutwa."

Ashura aliona ukuta unamsogelea. Akaanza kusema, na alipoanza hakuweza kunyamaza. Kwamba atafanya kwa nusu mshahara. Kwamba chakula asipewe. Kwamba majivu atachoma mwenyewe kwake, na dekio atatoa kwenye khanga zake. Kwamba akimwombea kwa huyo mwenye nyumba mpya, hata kwa maneno mawili tu, Mungu atamlipa, kwa kuwa nyumbani hakuna mwingine anayeingiza kitu.

Labhuben alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamnyooshea mkono amwinue. Ashura akamwinua, akashangaa jinsi alivyokuwa mwepesi, akajiweka tayari kufuatana naye hadi kwenye kaunta akapewe ujira wake wa mwisho.

Labhuben hakwenda kwenye kaunta. Alivua kandambili, akaushika mwimo wa mlango kwa mkono mmoja akitafuta nguvu, akapiga hatua nne hadi katikati ya chumba. Akajilaza chali juu ya samadi mbichi, kichwa kaskazini, upande wa Dar, akaivuta sari ikamfunika miguu.

"Kwetu Wahindu mtu hafii kitandani," alisema. "Ile barua ilikuwa majibu ya daktari. Mwambie Abdulswamadu aende posta ampigie Vipul simu. Asingoje Jumamosi."